Mtoto Mkenya, mzazi mgeni: namna ya kuweka sawa karatasi zako ukiwa Mombasa

Mombasa watu wameoana kuvuka mipaka tangu enzi za majahazi. Mume wa Likoni ana mke wa Tanga, mama wa Kisauni ana watoto na Mjerumani, binti wa Mji wa Kale kaolewa na kijana wa Yemeni. Watoto wa nyumba hizi hawana shida ya uraia. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa iwapo siku aliyozaliwa baba yake au mama yake alikuwa raia wa Kenya, na haijalishi alizaliwa Kenya au nje. Hakuna ombi la kupeleka wala kibali cha kungoja.

Shida iko kwa mzazi. Wengi hudhani cheti cha kuzaliwa cha mtoto ni ngao: "Nina mtoto Mkenya, hawawezi kunifukuza." Ngao hiyo haipo. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 haina kibali kinachoitwa kibali cha mzazi wa Mkenya. Ina pasi na vibali vya watu walioolewa au kuoa, wanaofanya kazi, wenye biashara, wenye kipato chao. Mtoto huongeza uzito kwenye faili lako, na mahakamani uzito huo unaweza kuwa mkubwa sana, lakini mguu wa kusimamia lazima uutafute mahali pengine. Mwongozo huu unaeleza pa kuutafuta na mpangilio wa kufuata.

Hatua ya kwanza: karatasi za mtoto kabla ya zako

Mtoto akizaliwa Makadara au hospitali nyingine yoyote, wahudumu hujaza taarifa ya kuzaliwa na kukupa kipande chake. Akizaliwa nyumbani, kazi hiyo ni ya naibu wa chifu wa mtaa. Usiondoke na kipande hicho kabla ya kukisoma herufi kwa herufi, maana cheti kitanakili kilichoandikwa humo. Usajili wa kawaida una muda wa miezi sita. Ukipita hapo unaingia kwenye usajili wa kuchelewa, ambao bado unawezekana ila unadai karatasi zaidi: kadi ya kliniki, vitambulisho vya wazazi, barua ya chifu, na kwa mtoto mkubwa barua ya shule.

Kwa familia zenye mzazi mgeni, makosa mawili huumiza kuliko mengine yote.

La kwanza ni tahajia. Mama kutoka Tanga anaitwa Salma Ally Hamad kwenye pasipoti yake, kwa sababu Tanzania wengi huandika Ally. Karani wa Mombasa anasikia jina na kuliandika alivyozoea: Salma Ali Hamadi. Kwa sikio ni mtu mmoja. Kwenye faili la uhamiaji ni watu wawili, na ofisa ana haki ya kuuliza mama wa mtoto huyu ni nani. Peleka pasipoti yenyewe hospitalini, si nakala ya simu, umwombe anayejaza aitazame anapoandika. Tofauti ikiwa imeshaingia, omba marekebisho kwa msajili wa vizazi mapema. Hati ya kiapo kutoka kwa wakili, inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja, husaidia wakati unasubiri, lakini haifuti kosa lililo kwenye cheti.

La pili ni jina la baba, na hapa tunakuomba usilegeze hata kidogo. Mama akiwa mgeni na baba akiwa Mkenya, uraia wa mtoto unapitia kwa baba. Cheti kikiwa na mstari mtupu mahali pa jina la baba, mtoto bado ni Mkenya kisheria, ila hana cha kuonyesha. Zamani wazazi wasiooana walikuwa na kikwazo, kwani jina la baba liliingia kwa ombi la pamoja tu au kwa ushahidi wa ndoa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinambagua mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa na kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba bila cheti cha ndoa baba hawezi kuandikwa. Baba akikana mtoto, nenda mahakama ya watoto Tononoka. Inaweza kuamuru kipimo cha vinasaba na kutoa uamuzi kuhusu nani ni baba, na uamuzi huo ndio utakaoupeleka kwa msajili.

Cheti kikitoka, mwombee mtoto pasipoti ya Kenya hata kama hamna safari. Cheti cha kuzaliwa kinathibitisha kwamba mtoto alizaliwa, siku gani na kwa nani, lakini si hati ya uraia. Pasipoti ndiyo inayofunga mdomo. Maombi yanaanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha mtoto anapelekwa ana kwa ana, na wazazi hutakiwa kuonyesha ridhaa pamoja na vitambulisho vyao. Fanya hivyo mkiwa mnaelewana. Ridhaa ni rahisi kupatikana wakati wa amani.

Kama mama alikwenda kwao kujifungua, Tanga, Pemba au Kampala, mtoto atakuwa na cheti cha huko. Bado ni Mkenya wa kuzaliwa. Peleka cheti hicho, cheti cha ndoa na kitambulisho cha mzazi Mkenya kwenye ubalozi wa Kenya wa nchi ile au ofisi ya uhamiaji hapa ili uraia wake uingizwe kwenye kumbukumbu. Kumbuka pia kwamba Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima. Mtoto mwenye nchi zote mbili atatakiwa kuchagua akifika umri wa miaka 18, na ni vyema alijue hilo kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya pili: soma muhuri ulio kwenye pasipoti yako

Fungua ukurasa wenye muhuri wa kuingia. Tazama vitu vitatu: tarehe, idadi ya siku, na aina ya pasi. Hivyo ndivyo vinavyoamua uko halali au la, wala si idhini ya kielektroniki ya kusafiri uliyoilipia mtandaoni. Idhini hiyo, iliyochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024, inakuruhusu kufika mlangoni tu. Siku za kukaa unapewa na ofisa pale mlangoni. Raia wa nchi za Afrika Mashariki hawaihitaji, lakini nao hugongewa muhuri wenye siku zake, na siku hizo huisha kama za mtu mwingine.

Siku 90 na miezi mitatu ni vitu tofauti. Ukiingia tarehe 3 Machi ukapewa siku 90, hesabu inaanza siku hiyohiyo: Machi ina siku 29 zako, Aprili 30, Mei 31. Siku ya 90 ni tarehe 31 Mei. Anayehesabu miezi mitatu atakwenda ofisini tarehe 2 Juni akiwa na tabasamu na siku mbili za kosa.

Pasi ya mgeni inaweza kuongezwa, kwa kawaida hadi jumla ya miezi sita. Omba nyongeza wiki mbili kabla ya kuisha. Ofisi ya uhamiaji Mombasa iko jengo la Uhuru na Kazi, Mama Ngina Drive. Nenda asubuhi ukiwa na pasipoti, nakala zake, na maelezo ya kwa nini unahitaji siku zaidi. Miezi sita hiyo itumie kutayarisha pasi ya muda mrefu zaidi, usiipoteze.

Wapo wanaoishi kwa kuvuka mpaka wa Lunga Lunga, kugonga muhuri Horohoro upande wa Tanzania na kurudi jioni. Kuvuka kwenyewe si kosa. Tatizo ni kwamba ofisa hana wajibu wa kukupa siku mpya, na akiona safu ya mihuri ya namna hiyo anatambua kwamba wewe si mgeni wa matembezi bali ni mkaazi asiye na pasi. Anaweza kukupa siku saba, au akakurudisha ulikotoka huku mtoto yuko Ukunda anakungoja. Zaidi ya hayo, miaka unayoishi hivyo haikujengei chochote kwenye njia ya ukaazi wa kudumu au uraia.

Jambo moja husahaulika sana: mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa kujisajili na kupata kitambulisho cha mgeni, kile watu hukiita alieni. Kupewa pasi hakukusajili. Ni ombi la pili, na lina malipo yake.

Hatua ya tatu: chagua mlango wako

Mlango wa ndoa ndio mpana zaidi. Mwenza wa Mkenya huomba pasi ya mtegemezi, na Mkenya ndiye anayesimama kama mtegemewa. Mambo yote yanategemea cheti cha ndoa, kwa hiyo tukitazame kwa karibu.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote zinatakiwa kusajiliwa. Mombasa ndoa nyingi hufungwa msikitini au sebuleni kwa bibi harusi, na karatasi inayobaki ni ile aliyoandika shehe au mwalimu wa madrasa. Nikaha hiyo ni sahihi kidini na hatuna neno juu yake. Uhamiaji lakini hutaka cheti kilichosajiliwa, kinachotoka kwa Kadhi au kwa msajili aliyeidhinishwa. Kama mna karatasi ya msikitini peke yake, nendeni ofisi ya Kadhi mkiwa na walii, mashahidi wawili waliokuwepo na karatasi hiyo, mkaombe usajili. Mkichelewa miaka, mashahidi hufa au huhama, na hapo mnahitaji njia ndefu ya mahakamani kuthibitisha ndoa. Wanaotaka kufunga ndoa ya kiserikali wajue kwamba kuna notisi ya siku 21, na mgeni huombwa barua ya nchi yake inayosema hana kizuizi cha kuoa. Ihesabuni notisi hiyo ndani ya siku za pasi, maana wengine siku zimewaishia wakiwa bado wanangoja tarehe ya ndoa.

Ndoa iliyofungwa nje inakubalika ikiwa ni halali kule ilikofungwa. Hati isiyo ya Kiingereza inatakiwa tafsiri iliyothibitishwa, ama na ubalozi ama na mthibitishaji wa hati. Cheti cha ndoa cha Tanzania kilichoandikwa Kiswahili kitafsiri vilevile. Ndiyo, Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi ya Kenya, na inauma kutafsiri Kiswahili Mombasa, lakini faili husomwa Nairobi kwa Kiingereza na karatasi isiyotafsiriwa ni sababu nyepesi ya kurudishwa.

Pasi ya mtegemezi haikuruhusu kufanya kazi. Hapo ndipo wengi huangukia. Mama anafungua meza ya vitenge Marikiti, au baba anaanza kutengeneza boti za watu Kilindini kwa ujira, wakidhani pasi inatosha. Kufanya kazi bila kibali ni kosa chini ya sheria ileile ya 2011, na huhatarisha hata pasi uliyonayo. Ukitaka kazi, mwajiri akuombee kibali cha daraja D. Biashara yako mwenyewe ni daraja G, nalo linadai mtaji wa dola 100,000 za Marekani, kiasi ambacho wengi hawana.

Je, kama hamjaoana? Hapa ndipo pagumu, na hatutakudanganya. Mama mgeni mwenye mtoto wa Mkenya bila ndoa, au baba mgeni aliyetengana na mama wa mtoto, hana mlango wa mtoto peke yake. Milango yake ni kibali cha kazi, kibali cha biashara, au daraja K la ukaazi wa kawaida kwa mwenye umri wa miaka 35 na zaidi mwenye kipato cha uhakika kisichotokana na ajira ya hapa. Wastaafu wa Ulaya hutumia hilo la mwisho. Kwa dada wa Tanga asiye na pensheni, linalobaki mara nyingi ni kazi yenye kibali au ndoa. Pasi maalumu ipo, lakini ni ya muda mfupi, ya kuvusha mtu kutoka jambo moja kwenda jingine.

Watu wa Pwani huuliza pia kuhusu Wamakonde na Wapemba waliotambuliwa kuwa raia, wa kwanza mwaka 2016 na wa pili 2023. Ile ilikuwa njia ya watu wasio na utaifa wowote, walioishi hapa vizazi kadhaa. Ukiwa na pasipoti ya nchi nyingine, njia hiyo si yako, na kujidai huna utaifa ni kusema uongo kwenye ombi la serikali.

Hatua ya nne: kuandaa na kupeleka faili

Maombi hufanywa kwa akaunti ya eCitizen. Kabla ya kuifungua, weka mezani hati hizi na uzipige picha kwa skana, si kwa simu chini ya taa ya jikoni:

- pasipoti yako: ukurasa wa picha na ukurasa wenye muhuri wa sasa, ikiwa na uhai wa kutosha mbele
- cheti cha ndoa, na tafsiri yake kama inahitajika
- kitambulisho au pasipoti ya mwenza Mkenya
- vyeti vya kuzaliwa vya watoto
- picha za pasipoti za karibuni
- barua ya mwenza Mkenya
- ushahidi kwamba mwenza anaweza kukutunza: taarifa ya benki, barua ya mwajiri, leseni ya biashara

Barua ya mwenza ndiyo watu hufanya ovyo. Haihitaji maneno ya mapenzi. Inahitaji majina kamili ya wote wawili kama yalivyo kwenye pasipoti na kitambulisho, namba za hati hizo, tarehe na mahali pa ndoa, majina na tarehe za kuzaliwa za watoto, mahali mnapoishi kwa mtaa na nyumba, muda wa pasi unaoombwa, na ahadi kwamba yeye atabeba gharama zako. Ukurasa mmoja, saini, tarehe. Barua iliyosainiwa na shemeji kwa sababu mume yuko safarini bandari ya Mundra, India, haifai, hata kama shemeji ndiye anayelisha nyumba.

Malipo yote ya serikali hupitia eCitizen, namba 222222. Mtu anayekuambia umtumie pesa kwa namba yake ya simu "ili faili lisogezwe" hasogezi kitu. Mabroka hukaa karibu na kila ofisi ya aina hii, na baadhi yao hurudi na kibandiko cha pasi kinachong'aa ambacho hakipo kwenye mtambo. Siku utakayokigundua itakuwa kwenye uwanja wa ndege wa Moi, na utakayejieleza ni wewe. Pakua risiti kila unapolipa na uichape. Peleka ombi mapema, pasi yako ikiwa bado na mwezi mmoja au zaidi, na utembee na risiti ya ombi hadi jibu litoke. Risiti si pasi, lakini huonyesha kwamba hujajificha.

Miaka mitatu, miaka saba

Ukiwa na ndoa ya miaka mitatu na Mkenya, sheria inakuruhusu kuomba ukaazi wa kudumu. Hatua hii ina thamani kubwa, kwa sababu mwenye ukaazi wa kudumu hahitaji tena kibali cha kazi, na maisha yake hayategemei kuomba upya kila baada ya muda. Mwenye vibali vya kazi naye anaweza kuomba baada ya miaka saba ya kuvishika, mitatu ya mwisho iwe ya kukaa mfululizo.

Ndoa ikifika miaka saba, kifungu cha 15 cha Katiba kinakupa haki ya kusajiliwa kuwa raia ukiomba. Masharti yapo: ndoa iwe ya mfumo unaotambulika Kenya, isiwe ilifungwa kwa ajili ya karatasi, muwe mnaishi pamoja wakati wa ombi, na usiwe umehukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Tunza ushahidi wa kuishi pamoja tangu mwaka wa kwanza: mkataba wa nyumba, bili ya umeme, ada za shule zenye majina yenu, picha za Idi au Krismasi na wakwe.

Asiye na ndoa anaweza kuomba baada ya miaka saba ya kukaa kihalali mfululizo. Hapa serikali ina hiari, na miongoni mwa masharti ni kujua kuzungumza Kiswahili au lugha ya hapa, sharti ambalo mgeni aliyelelewa na mama mkwe wa Kuze atalivuka akicheka. Neno zito ni "kihalali". Miaka minane ya kuvuka Lunga Lunga ni sifuri katika hesabu hii.

Mtanzania anayechukua uraia wa Kenya hupoteza wa kwao, na hilo linagusa urithi na ardhi kule nyumbani. Wengi huona ukaazi wa kudumu unawatosha, na kwa maoni yetu mara nyingi wako sahihi.

Kama siku zimeshapita

Kuwepo nchini bila pasi halali ni kosa la jinai. Adhabu ya juu ni faini ya shilingi 500,000, kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Tunaitaja ili uelewe kwa nini siku kumi za kosa ni afadhali kuliko mia.

Jipeleke mwenyewe kabla hujakamatwa. Nenda na mwenza wako Mkenya, na ukiweza wakili, mkiwa na vyeti vya watoto, cheti cha ndoa, na maelezo ya maandishi ya kilichotokea yenye ushahidi: ulilazwa, mtoto alikuwa mgonjwa, pasipoti ilipotea na una karatasi ya polisi. Omba kuhalalishiwa hali yako. Ofisa anaweza kukutaka ulipe, uondoke na kuingia upya, au akupe muda mfupi wa kutayarisha. Usikimbilie uwanja wa ndege ukitumaini hawataona, kwa sababu unaweza kuondoka ukiwa umeandikwa mtu asiyetakiwa kurudi.

Ukikamatwa, au ukipewa amri ya kuondoka

Haki za kifungu cha 49 ni za kila mtu, raia na mgeni: kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, kupata wakili, na kufikishwa mahakamani mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa saa hizo zimeisha mahakama ikiwa imefungwa. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya sababu za maandishi kwa uamuzi unaokuumiza. Idai karatasi hiyo. Bila amri ya maandishi wakili hana cha kupinga.

Hapa ndipo mtoto anapokuwa na uzito tuliosema mwanzoni. Kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu, na kwamba ana haki ya malezi ya wazazi wote wawili, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 inarudia hivyo. Wakili anaweza kuomba Mahakama Kuu ya Mombasa isimamishe uondoshaji hadi kesi isikizwe. Ombi hilo halishindi kwa maneno "nina mtoto". Hushinda kwa ushahidi kwamba unamlea: risiti za ada zenye jina lako, kadi ya kliniki, barua ya mwalimu mkuu, ujumbe wa malipo ya karo kwenye simu, maelezo ya daktari kama mtoto ana maradhi. Baba ambaye hajaonekana miaka minne hana faili hilo, na mahakama italiona pengo. Weka nakala za hati zote kwa mtu mwingine, dada au jirani, kwa sababu ukiwa ndani huwezi kurudi nyumbani kuzitafuta.

Asiye na pesa za wakili ajaribu mashirika ya msaada wa kisheria, Kituo cha Sheria au FIDA Kenya, yote yana ofisi Mombasa.

Ndoa ikivunjika, au mwenza akifariki

Pasi ya mtegemezi imesimama juu ya mwenza. Talaka ikitoka, msingi umeondoka, hata kama tarehe kwenye kibandiko bado iko mbele. Anza kutafuta mlango mwingine mara unapoona hali imeharibika. Usikubali vitisho vya mume au mke anayeshika pasipoti yako na kusema "nitakufutia". Pasipoti ni mali ya nchi yako, kuizuia ni kosa, na unaweza kupiga ripoti polisi. Kwa malezi, mahakama ya Tononoka hutoa amri ya nani akae na mtoto na nani atoe matunzo. Amri hiyo haikupi pasi, ila ni hati nzito kwenye ombi lolote la baadaye.

Mjane asikate tamaa: sheria ya 2011 ina kifungu cha wajane waliofiwa kabla ya kusajiliwa kuwa raia. Hakikisha cheti cha kifo na cha ndoa vina majina yanayolingana, na utafute ushauri kabla pasi haijaisha.

Kusafiri na mtoto

Mtoto asafiri kwa hati yake ya Kenya. Akiingia na pasipoti ya Ujerumani peke yake, atagongewa siku kama mgeni, na utaanza kuhangaika kumwongezea siku raia wa nchi hii. Uraia pacha unaruhusiwa kwake, lakini sheria inataka utangazwe. Mzazi akisafiri peke yake na mtoto, abebe barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake iliyoshuhudiwa na wakili, nakala ya kitambulisho cha aliyebaki, na cheti cha kuzaliwa. Basi la Tanga halisubiri simu za kumtafuta baba.

Na wewe wa Mombasa mwenye mtoto wa nchi nyingine

Huko kwingine sheria si kama ya hapa, na wengine wamepoteza miaka kwa kutojua. Ujerumani, mzazi mgeni anayemlea mtoto mdogo mwenye uraia wa Ujerumani ana haki ya kibali cha kuishi naye, bila ndoa, bila cheti cha lugha na bila sharti la kipato. Kama baba Mjerumani hakumuoa mama, kwanza baba amkubali mtoto rasmi. Bila hati hiyo ya kumkubali, mtoto hahesabiwi Mjerumani. Uingereza ina njia ya mzazi wa mtoto Mwingereza aliye chini ya miaka 18, lakini inadai uthibitisho wa malezi, Kiingereza, na uwezo wa kujitunza bila ruzuku ya serikali. Marekani mtoto hawezi kumwombea mzazi hadi afike miaka 21, hata awe amezaliwa hospitali ya Boston.

Ujerumani haikubali cheti cha Kenya kwa kukitazama tu. Ubalozi hutuma wakili kukagua kumbukumbu zenyewe: daftari la msajili, rekodi za hospitali, wakati mwingine majirani. Ukaguzi huo huchukua miezi na una gharama. Ukaguzi ukikuta cheti cha pili kilichotolewa baadaye chenye tarehe tofauti ya kuzaliwa, kila kitu husimama. Kwa hiyo kabla ya kupeleka chochote, nenda kwa msajili uombe kuona ingizo lenyewe kwenye daftari, ulinganishe na cheti ulichonacho nyumbani, jina kwa jina na tarehe kwa tarehe.